Kazakhstan inakaaje kati wakati Urusi iko mlangoni?

Msomaji kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Mwalimu, Kazakhstan ni mshirika wa Urusi, wako mkataba mmoja wa kijeshi na soko moja, lakini kwenye hii vita ya Ukraine hawajatuma askari, hawajatambua majimbo yaliyochukuliwa, na pia hawajaiwekea Urusi vikwazo. Huo si unafiki tu? Nchi dhaifu inawezaje kukaa kati hivyo bila kukanyagwa, na wataweza mpaka lini?"

Swali zuri, na nimefurahi umeuliza kuhusu Kazakhstan sio Uswisi, manake ukitaja nchi isiyoegemea upande wengi wanawaza Uswisi na milima yake na benki zake, wakati Uswisi ya leo imezungukwa na marafiki watupu. Shughuli iko kwa yule ambaye anayepigana ndiye jirani yake, ndiye anayemuuzia bidhaa, ndiye mwenye njia ya kupitishia mzigo wake, na ana mpaka naye wa zaidi ya kilomita 7,500, ambao ndio mrefu kuliko mpaka wowote wa nchi kavu duniani usiokatika. Udogo wa Kazakhstan sio wa eneo bwana, kwenye ramani ni nchi ya tisa kwa ukubwa duniani, ila watu ni kama milioni 20 tu kwenye uwanda mtupu ambao hauna hata mlima wa kujifichia upande wa kaskazini.

Kuhusu unafiki nikujibu mapema tu: ndiyo upo, na ndio unaofanya kazi. Twende taratibu utaona.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna kutoegemea upande kwa sheria, ile iliyoandikwa Hague mwaka 1907, inayosema wanaopigana wasipitishe askari wala shehena za silaha kwenye ardhi yako na wewe usiwaruhusu, askari wakikimbilia kwako unawanyang'anya silaha unawaweka kizuizini, biashara ya watu binafsi unaweza kuiacha iendelee lakini ukiamua kupiga marufuku basi iwabane wote wawili sawasawa. Halafu kuna ile ya kisiasa ambayo haina kitabu, ni mwenendo tu, leo umesema, kesho umenyamaza. Kazakhstan kwenye ile ya kwanza hawamo kabisa kwasababu wana mkataba wa kujihami pamoja na Urusi, huo CSTO unaosikia. Wanacheza ya pili, na tangu enzi za Nazarbayev, rais wao wa kwanza, wanaiita sera ya pande nyingi, yaani unakuwa na urafiki na Moscow, Beijing, Ulaya, Marekani na Uturuki kwa pamoja ili asiwepo hata mmoja anayeweza kukubana peke yake.

Sasa rudi Januari 2022, wiki chache tu kabla ya vita. Maandamano yalianza Zhanaozen kwa ajili ya bei ya gesi ya magari, yakasambaa mpaka Almaty, watu zaidi ya 200 wakafa, na rais Tokayev akaomba CSTO imsaidie. Wakaja askari zaidi ya 2,000, wengi Warusi, wakalinda majengo na viwanja vya ndege, na ndani ya wiki mbili wakawa wameshaondoka. Kila mtu akasema basi, huyu kaisha, amewekwa mfukoni, na Februari 24 vita ilipoanza dunia ikasubiri alipe deni.

Hakulipa. Au tuseme alilipa kwa sarafu ambayo hakuombwa. Machi 2, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura ya kulaani uvamizi, nchi 141 zikakubali, 5 zikakataa na 35 zikajizuia, na Kazakhstan ilikuwa kwenye hao 35. Hakumlaani jirani ila hakumtetea pia. Siku chache baadae serikali ikaruhusu mkutano wa watu wa kuiunga mkono Ukraine pale Almaty, ikatuma ndege za dawa Ukraine, halafu mwezi wa tano ikafuta gwaride la kijeshi la Mei 9, siku ya kukumbuka ushindi dhidi ya Ujerumani ya Hitler, sababu iliyotolewa ni kubana matumizi. Ona hiyo sababu. Hamna aliyesema "hatufanyi gwaride manake tunapinga vita", wamesema hela hamna, na kila mtu kaelewa anavyotaka, ingawa mtangazaji mmoja wa TV wa Urusi alikasirika hadi akawaambia Wakazakh waiangalie Ukraine vizuri.

Halafu ikaja Juni 17, kongamano la uchumi St Petersburg, Tokayev amekaa jukwaa moja na Putin, akaulizwa kuhusu Donetsk na Luhansk, majimbo ya Ukraine yaliyojitangaza nchi kwa msaada wa Urusi. Akajibu kwamba kila kabila likitumia haki ya kujitawala, badala ya nchi 193 zilizoko Umoja wa Mataifa tungekuwa na zaidi ya 500 au 600, ni vurugu tupu, kwa hiyo wao hawaitambui Taiwan, wala Kosovo, wala Ossetia Kusini na Abkhazia zilizojitenga na Georgia, na kanuni hiyohiyo itatumika kwa hivyo vijidola vya Donetsk na Luhansk. Mimi hilo jibu huwa nawapa wanafunzi walichambue neno kwa neno. Kamkatalia mwenyeji wake hadharani, lakini kapanga orodha kwa namna ambayo China inasikia jina la Taiwan inafurahi, Urusi inasikia Kosovo ambayo nayo haiitambui, kwa hiyo ukitaka kumgombeza inabidi ugombane na msimamo wako mwenyewe. Yaani kakataa kwa kutumia kanuni ya anayemkatalia.

Na hapa ndipo penye jibu la swali lako la nchi dhaifu inawezaje. Watu wanadhani Tokayev alikataa kwa kuihurumia Ukraine. Hapana, alikuwa anakata bima ya nyumba yake. Kaskazini mwa Kazakhstan kuna Warusi wengi kwa asili, kwa nchi nzima ni kama asilimia 15 kwa sensa ya 2021, na mwaka 1989 walikuwa karibu sawa na Wakazakh wenyewe. Putin mwaka 2014 alisema Wakazakh hawakuwahi kuwa na dola kabla ya Nazarbayev, na Astana, yaani serikali ya Kazakhstan, haikujibu kwa hasira, ila mwaka uliofuata ikaandaa sherehe kubwa ya miaka 550 ya ufalme wao wa kale. Sasa mbele ya mtu kama huyo ukikubali leo kwamba jimbo la jirani linaweza kukatwa kwasababu wanaoishi pale wanaongea Kirusi, kesho utasimama na hoja gani? Kwa hiyo kuna mambo unaweza kubembeleza na kuna hili moja ambalo ukilegeza umejimaliza. Nchi zinazofanikiwa kukaa kati zinajua ni lipi hilo, na zinalegeza kwenye mengine yote ili zipate nguvu ya kukaza pale.

Gharama yake ilionekana haraka. Mafuta ya Kazakhstan, kama asilimia 80 ya yanayouzwa nje, yanapita kwenye bomba la CPC la kilomita kama 1,500 toka visima vya Tengiz hadi bandari ya Novorossiysk, ambayo iko Urusi. Julai 4, 2022 Tokayev aliongea na Charles Michel wa Umoja wa Ulaya akasema wako tayari kusaidia Ulaya kwenye nishati. Julai 5 mahakama ya Novorossiysk ikaamuru bomba lifungwe siku 30 kwa makosa ya nyaraka za mazingira. Siku moja tu! Rufaa ikakatwa, amri ikabadilishwa ikawa faini ya rubo 200,000, hela ndogo ambayo kampuni ya namna ile inalipa bila kuhisi. Hakuna aliyekiri kwamba lilikuwa onyo na mimi siwezi kukuapia, lakini pale Astana hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kilichowasaidia ni kwamba ndani ya lile bomba kuna kampuni za Marekani, Chevron na ExxonMobil, na Urusi yenyewe ina hisa na inapata ushuru wa kupitisha. Hiyo kitu haikutokea kwa bahati, miaka ya 90 walitafuta makusudi wenyehisa wa kila upande ili yeyote atakayetaka kulikata bomba ajikute anakata na mkono wa mtu mwingine mkubwa. Wakati huohuo mafuta yao yanayopita mabomba mengine ya Urusi wakayabadilisha jina sokoni yakawa KEBCO, ili mnunuzi wa Ulaya asije akayachanganya na ya Urusi akaogopa vikwazo, na wakaanza kusukuma mzigo kupitia bandari yao ya Aktau, unavuka bahari ya Caspian mpaka Baku kule Azerbaijan na Georgia. Njia hiyo haijafika hata karibu na uwezo wa CPC, tusidanganyane, ila kuwa na kanjia kadogo kunabadilisha mazungumzo.

Septemba 2022 Putin alipotangaza kuita askari wa akiba, Warusi wakamiminika mpakani, zaidi ya 200,000 ndani ya wiki mbili, wanaume wengi vijana, hoteli zikajaa, kodi za nyumba zikapanda. Tokayev akasema wengi wameondoka kwao kwasababu hali imewafikisha pabaya na ni wajibu kuwahudumia. Lakini Januari 2023 wakabadilisha sheria ya ukaazi, ule mchezo wa kutoka nje kidogo unarudi unahesabiwa upya siku 90 ukafa. Unamkaribisha mgeni, halafu unamwonyesha saa. Mwezi huohuo wafanyabiashara na Wakazakh waliopo Ukraine wakasimamisha hema la kienyeji pale Bucha, watu waje wapate joto, chai, na umeme wa kuchaji simu, na wizara ya mambo ya nje ya Urusi ikataka maelezo, na Astana ikajibu kwamba ni jambo la watu binafsi, hakuna cha kueleza. Ukiwa na serikali inayobana kama ile, cha "watu binafsi" nacho kinapita kwa kupimwa, lakini jibu linashika.

Biashara ndio sehemu chafu zaidi na ndipo neno lako la unafiki linapokaa vizuri. Wako umoja wa forodha na Urusi, mpakani hamna ukaguzi wa maana, na baada ya vikwazo bidhaa za umeme na vipuri vilianza kuingia Kazakhstan kwa wingi usio wa kawaida kisha vinaelekea kaskazini. Ulaya ikamtuma mjumbe wake wa vikwazo, David O'Sullivan, Astana ikasema sisi hatuweki vikwazo ila hatutakubali kuwa kichochoro cha kuvikwepa, na 2023 wakaanzisha mfumo wa kufuatilia mizigo kwa mtandao. Uliziba baadhi ya matundu, mengine yakabaki. Sidhani kama walitaka kuziba yote, manake ukiziba yote jirani anakukasirikia, usipoziba lolote benki zako zinakatwa na Marekani. Unaziba kiasi cha kumwonyesha mgeni.

Na kuna China. Septemba 14, 2022 Xi Jinping aliposafiri nje kwa mara ya kwanza tangu korona ianze, alitua kwanza kwa Tokayev, akasema China itaunga mkono kwa nguvu uhuru, mamlaka na mipaka ya Kazakhstan. Hakumtaja mtu. Hayo maneno yana uzito kuliko kikosi kizima, lakini nayo sio ya bure, ukiegemea ukuta wa jirani wa mashariki ili usiangushwe na wa kaskazini lazima ujiulize ukuta wenyewe unasogea kuelekea wapi.

Sasa nikupe wenzao waliopita huko ili uone kwamba mbinu sio ngeni. Finland baada ya kupigana na Wasovieti mara mbili na kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ardhi, na watu kama 400,000 kuhamishwa, ilisaini mkataba wa 1948 na Moscow, ikakataa hela za mpango wa Marshall, zile za Marekani za kuijenga Ulaya, mwaka 1956 ikajizuia kura ya kuwalaani Wasovieti kwa kuivamia Hungary, na kwa miaka ya rais Kekkonen magazeti na wachapishaji walijichuja wenyewe kabla hawajaambiwa. Watu wa Ulaya waliwacheka sana, hata neno la dharau likatungwa kwa jina la nchi yao. Lakini hao waliochekwa walibaki na uchaguzi, na soko lao, na kitu ambacho waliowacheka hawakukiona: jeshi la akiba ambalo hawakuliacha hata siku moja. Walikuwa wapole mdomoni na ghali kumeza. Na Urusi ilipovamia Ukraine, wakaomba kujiunga NATO Mei 2022, Aprili 4, 2023 wakaingia, upole wa miaka 70 ukaisha ndani ya mwaka mmoja kwasababu hesabu imebadilika.

Sweden vita ya pili ya dunia ni kisa cha aibu kidogo, wenyewe wanakubali. Waliuza chuma ghafi kwa Hitler, wakaruhusu treni za askari wa Kijerumani wa likizo kwenda na kurudi Norway, na 1941 wakapitisha divisheni nzima yenye silaha kuelekea Finland, kinyume kabisa na ile sheria ya 1907. Ujerumani ilipoanza kushindwa, Agosti 1943 wakafunga treni, na Oktoba wakapokea Wayahudi kama 7,000 waliovushwa toka Denmark. Ukiwauliza wanahistoria wengine watakwambia ni woga, wengine busara. Mimi nasema ni yote mawili kwa zamu.

Ubelgiji yenyewe ilikuwa na karatasi nzuri kuliko wote, mkataba wa London wa 1839 wa kulinda kutoegemea upande kwake, Prussia, ambayo baadae ikawa kiini cha Ujerumani, ikiwa mmoja wa waliosaini. Agosti 1914 Ujerumani ilihitaji njia ya kwenda Ufaransa na njia ilikuwa Ubelgiji, ndio hivyo, chansela wake akauita mkataba ule kipande cha karatasi. Jiografia ikishakuweka kwenye barabara ya mtu anayekimbia, uzuri wa karatasi haukusaidii.

Ila kisa ambacho Astana wangekisoma usiku na mchana, mimi naona, ni Cambodia. Mtawala wake Sihanouk alikuwa fundi wa kukaa kati, alisalimiana na kila mtu, 1965 akavunja uhusiano na Marekani, huku akifumba macho wakomunisti wa Vietnam wakijificha mpakani na silaha zao zikiteremshwa bandari ya Sihanoukville. Alidhani akinyamaza ataachwa. Marekani ikaanza kupiga mabomu kisiri Machi 1969, na Machi 1970 jeshi lake mwenyewe, chini ya Lon Nol, likampindua akiwa safarini. Kosa halikuwa kuongea na pande zote, kosa ni kwamba ardhi yake ilikuwa inatumiwa na mmoja wao kupigana, na ukishafika hapo wewe sio wa katikati tena hata kama hotuba zako ni tamu namna gani. Ndio maana utaona Kazakhstan wako wakali sana kwa raia wao wanaokwenda kupigana kule, upande wowote ule, wakirudi wanafungwa. Linganisha na Belarus iliyoruhusu majeshi ya Urusi kupita kwenda Kyiv Februari 2022. Armenia na Georgia sitawagusa leo, kila moja ina kidonda chake na ingenichukua jibu jingine zima.

Mpaka lini? Hapo inategemea vitu ambavyo havimo mikononi mwao. Kabla ya vita kama asilimia 40 ya bidhaa wanazoagiza zilikuwa zinatoka Urusi, na mafuta bado yanapita Urusi, kwa hiyo nafasi yao ya kugeuka ni ndogo. Vita ikiishia kwa Urusi kupewa majimbo yale kwa mkataba unaotambulika, ile hoja ya Juni 17 inapungua nguvu. Na hatari sasa inatoka pande zote, Februari 17, 2025 droni za Ukraine zilipiga kituo cha kusukuma mafuta cha Kropotkinskaya kwenye bomba lilelile la CPC, ndani ya Urusi, mafuta mengi yakiwa ya Kazakhstan. Aliyepeleka dawa na mahema anapigwa bomba na aliowapelekea. Hawakugombana hadharani, wakaenda kuongea.

Nikuachie mfano mmoja wa mwisho ambao unaonyesha kazi yenyewe kila siku ilivyo. Desemba 25, 2024 ndege ya Azerbaijan toka Baku kwenda Grozny ilishindwa kutua, ikavuka Caspian ikaanguka karibu na Aktau, watu 38 kati ya 67 wakafa. Azerbaijan ikasema imepigwa na ulinzi wa anga wa Urusi. Ajali imetokea Kazakhstan, kwa hiyo uchunguzi ni wa kwao, yaani wametupiwa kaa la moto mkononi, wakisema ni Urusi wanaumia, wakisema iligongwa na ndege wa angani wenye mabawa wanachekwa na Baku inawakasirikia. Wakachukua visanduku vyeusi wakavipeleka Brazil, ndege ilikotengenezwa, mbali na kila mtu. Ripoti ya awali ikatoka Februari 2025, ikasema mwili wa ndege una matundu yaliyotobolewa na vitu vya chuma vilivyotoka nje. Haikusema vilikuwa vya nani.